Babu, Kibao Chako Kimeandikwa

Mkuyuni, Jumapili, baada ya alasiri

Babu,

Shikamoo. Ungeitikia, "Marahaba, mume mwenza," kisha ungeniuliza kama nimekula. Nimekula.

Jana tulifanya arobaini yako, na kuna jambo nililifanya bila ruhusa yako. Nimeliandika kwenye shajara kama kawaida, lakini naona haitoshi, maana jambo lenyewe ni lako.

Kwanza habari za nyumbani. Bibi ni mzima. Bado analala upande wake wa kitanda. Upande wako ameweka kanga zilizokunjwa. Ule mgomba wa karibu na choo umeanguka. Redio yako hakuna aliyeiwasha.

Siku ya mazishi mtani wako, Mzee Kondo, alifanya kazi yake. Alilitoa koti lako la kaki sandukuni, akalivaa, akaweka mchi begani kama bunduki na kupiga kwata mbele ya wanawake waliokuwa wakilia. "Askari gani huyu! Vita nzima kapigana na funza! Mjerumani, njoo umchukue mtu wako, sisi tumemchoka!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilicheka, halafu nikaacha. Nilijua koti lile halikuwa lako.

Mkuyuni nzima walijua ulikuwa askari wa Mjerumani. Wewe hukuwahi kusema hivyo. Ulirudi na koti, wakakuita Askari, ukaitika. Mimi uliniambia nikiwa kidato cha pili, tulipokuwa tunapukuchua mahindi, nami nikayaandika siku ile ile. Kwamba wewe na mdogo wako Mbaraka mlikamatwa shambani, mkafungwa kamba, mkapewa sanduku la risasi mlipeleke Kisaki kwa njia ya milimani. Lilitundikwa kwenye mti wa kubebea begani, wewe ukabeba mbele, yeye nyuma. Mvua haikukatika, na unga ukaisha. Siku ya tatu uzito wote ukakuhamia wewe.

"Nilijua kwa bega kabla sijageuka," uliniambia.

Hawakukuruhusu kusimama umwinue Mbaraka. Walimweka mtu mwingine nyuma yako, mkaendelea. Koti lilikuwa la askari mgonjwa uliyembeba baadaye. Naye hakufika.

Nilikuuliza kwa nini uliacha watu wakuite askari. Ulipukuchua hindi zima kabla ya kunijibu. "Ukiwa askari, watakuuliza uliua wangapi. Ukiwa mpagazi, watakuuliza mdogo wako yuko wapi."

Sasa jana. Fundi alikuwa amemwaga saruji ya kibao cha kaburi. Mimi nikapewa msumari kwa sababu ya mwandiko wangu. Mjomba Kibwana, mpwa wako aliyerithi nafasi yako, alisimama juu yangu. "Andika: Shomari, Askari wa Vita vya Mjerumani. Herufi kubwa, zionekane toka barabarani."

Niliandika jina lako, nikaishia hapo. Babu, Mbaraka hana kaburi wala mtoto. Yupo kwenye ukurasa mmoja wa shajara yangu tu, na karatasi inaliwa na mchwa. Nikaenda ndani, nikaileta shajara, nikausoma ule ukurasa mbele ya wote.

Mjomba alinijia juu. "Ndiyo elimu hiyo? Kumvua mzee nguo kaburini?"

"Jamani," fundi akasema, "mtagombana, lakini saruji haiwasubiri."

Aliyemaliza ni Bibi, akinigeukia mimi. "Andika, mume wangu. Bega lile nimelikanda kwa mafuta ya nazi tangu nimeolewa. Mlidhani nundu ile ni ya bunduki?"

Mzee Kondo akasema taratibu, "Basi nilikosea. Mchi ule ilibidi niubebe na mwenzangu."

Mjomba alichota maji, akanyunyizia pale palipoanza kukauka, akalainisha kwa kiganja chake mwenyewe. Alilainisha nafasi ya mistari miwili.

Kibao chako kinasema hivi: SHOMARI, MPAGAZI. NA MDOGO WAKE MBARAKA, ALIYEBAKI NJIA YA KISAKI. Neno la mwisho limepinda kidogo, saruji ilikuwa imeshaganda. Koti Bibi amelikunja akalirudisha sandukuni. Anasema nalo ni la mtoto wa watu.

Kama umekasirika, nikasirikie mimi, usimkasirikie Bibi.

Kesho narudi Mafiga kufundisha. Asubuhi hii Mjomba alikuja mlangoni akaniuliza shule inafungwa lini, na kama ninaijua njia ya Kisaki. Nimemwambia tutaiuliza. Tutakwenda kwa miguu, yeye na mimi. Mahali penyewe hukuniambia, kwa hiyo nakuahidi hivi: kila tutakapoketi kupumzika, tutamsomea Fatiha hapo, mpaka tufike.

Pumzika, Babu. Bega liko huru.

Mjukuu wako,
Idi