Tata Muamba Gérard, Mpimaji wa Damu wa Kolwezi

Mwaka umetimia, tata, baba yetu, tangu tulipokuzika kando ya stesheni ya Luena, haraka haraka, kwa sababu treni ilikuwa inapiga honi. Tuko Mwene-Ditu, Kasai, sasa. Wanasema ndiko kwetu. Lakini wewe na sisi sote tulizaliwa Kolwezi.

Miaka kumi na tisa ulifanya kazi katika laboratwari ya hospitali, na ile mashine yako ya kupima mionzi ya gama. Ulitueleza mezani, vikombe vya chai vikiwa ndivyo vichupa: damu kidogo, tone la dawa yenye mionzi, kisha mashine inahesabu, na hesabu inaonyesha kama tezi ya shingo inafanya kazi vizuri. Kila asubuhi ulitanguliza kupima kichupa kitupu na kuitoa hesabu yake, kwa sababu hata mawe ya Kolwezi yana mionzi yake.

Wagonjwa uliwaita kwa majina, si kwa namba.

Machi ya mwaka jana Wakatanga walitufukuza Kolwezi kwa kuwa asili yetu ni mkoa wa Kasai. Tulilala shuleni, karibu na stesheni, tukingoja treni. Siku ya pili ukavaa koti lako jeupe.

"Tata Ngeleka, unaenda wapi?" Mama Bilonda, mke wako, akakuita kwa jina la mtoto wenu wa kwanza. "Bale bantu bamekufukuza!"

"Bagonjwa habakunifukuza. Damu ya bantu makumi tatu iko mu laboratwari tangu jana. Kama sisomi leo, yote itaaribika."

Mama Valérie, Mkatanga mliyefanya naye kazi, alikupitisha kwenye vizuizi ndani ya ambulansi. Ulisoma vichupa vyote, ukaandika matokeo, ukamwonyesha namna ya kuifungia ile dawa isidhuru mtu. Wakati wa kurudi, vijana waliofunga njia walikutambua. Ulifika kwetu umeshika mbavu.

"Imeisha," ulisema. "Yote nimesoma."

Treni ilikuja siku ya tisa. Ndani ya behewa la wazi ulitapika damu, ukashika mkono wa mama, ukauliza tu kama batoto bamekula.

Wiki iliyopita tulipata barua ya Mama Valérie. Mama Huguette, mmoja wa wale wagonjwa thelathini, aliyekuwa na uvimbe wa shingo, alipewa vidonge kufuatana na hesabu yako. Amepona, anauza samaki sokoni Fungurume. Mashine yenyewe imesimama, dawa haifiki tena.

Tulifurahi, tata, tukalia. Lakini tukisema ukweli, hata leo tungetaka siku ile ubaki nasi.

Charlotte, uliyemwacha tumboni, ana miezi minane. Neno lake la kwanza ni "tata". Analisema kwa kila mwanaume anayepita mbele ya mlango.

Tunaokulilia: mke wako Bilonda, watoto wako Ngeleka, Mianda na Charlotte, na mdogo wako Kalala. Siku zote za maisha yetu, tata, hatutakusahau.