Siku Nyasi Zilipotikisika Bila Upepo

Mjukuu wangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Saint-Josse, hapa Bruseli, mpaka huko Bukavu. Sisi ni wazima, na mama yako amepona kikohozi. Umeuliza kama ni kweli bibi yako aliwahi kushika bunduki. Ndiyo, maman wangu mdogo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baba mkwe wangu, Papa Luc, alikuwa mwindaji wa kulungu. Kabla ya msimu alitupeleka mimi na babu yako kwenye uwanja wa shabaha nje ya Bruseli, tujifunze kupiga mbali. Jumamosi moja nililala kifudifudi, nikalenga karatasi iliyokuwa mita mia tatu mbele. Babu yako akatazama bendera ya upepo. Ilikuwa imelala.

"Bon, hakuna upepo. Piga!"

Kidole changu kilikuwa tayari. Ndani ya darubini ya bunduki nikaona nyasi zinatikisika kando ya karatasi. Kama upepo umetulia, nani anazitikisa?

"Alors, piga basi!"

"Hapana." Nikaondoa risasi ndani ya bunduki.

Kwenye nyasi zile akatokea Papa Luc, nyundo mkononi. Tulidhani yuko garini, kumbe alikwenda kupigilia karatasi vizuri. Babu yako aliketi chini akalia. Tangu siku ile, nikiharakishwa, huwa natazama mara ya pili.

Tulipomweleza, Papa Luc aliweka nyundo chini. Kisha akanikabidhi bunduki yake mwenyewe.

"Msituni utatangulia wewe, binti yangu," akasema. "Mimi nitafuata nyuma."

Nakubusu mashavu yote mawili,
Bibi Furaha