Chembe na Michembe

Jumanne, 10 Juni 2025
Shukrani wangu amekuwa wa njano. Macho, viganja, vyote. Mkojo mweusi kama kokakola! Miezi mitano tu duniani. Tumelazwa hospitalini, Bariadi. Mume wangu Mashimba yuko Lamadi kwenye dagaa zake, hapatikani. Ningeshangaa angepatikana.

Jumatano, 11 Juni
Daktari kauliza nguo za mtoto tunazitunzaje. Nikamwambia: Mayu, mama mkwe, alitoa blanketi sandukuni, limejaa naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende. Tukamfunika, baridi ya asubuhi kali. Daktari akaguna. Anasema damu ya mtoto haina kinga dhidi ya vile vidonge. Chembe nyekundu za damu zilizo nzima hujikunja zikapenya mishipa myembamba. Zake zimeungua, zimekakamaa, zinapasuka humo humo. Damu imebaki kidogo mno. Ya kumwongezea haipo, tutafute ndugu.
Na Mayu alivyojisifu kwamba blanketi linanukia!

Alhamisi, 12 Juni
Mayu kaja na sufuria ya michembe ya karanga. Jana alisimama mlangoni, akasikia chembe za mtoto zimekauka. Kadhani ni michembe, basi kaichemsha ilainike! Viazi vikavu, kwa mtoto asiye na jino. Nilicheka hadi machozi. Kisha akafungua kanga aliyofungia sufuria, amfunike mjukuu — naftalini tupu! Nimeirusha dirishani. Nimemwita muuaji, wodi nzima ikageuka. Sijutii.

Ijumaa, 13 Juni
Mashimba kafika, katoa damu. Mfuko mmoja umeingia. Mkojo bado mweusi.
Nimemuuliza daktari udhaifu huu mtoto kautoa wapi. Nilishajibu moyoni: ukoo wa Mashimba. Akasema taratibu kwamba mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake.
Kwangu mimi.
Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 14 Juni
Mayu kapiga magoti katikati ya vitanda. Anasema nimsamehe, mjukuu kamuua kwa mikono yake. Hajala tangu juzi. Mashimba hamsalimii, mama yake mzazi! Neno langu moja lingemwinua. Kwamba udhaifu umetoka kwangu. Silitoi. Naogopa Mashimba akigeuza hayo macho kwangu.
Shukrani anahema juu juu. Midomo imekuwa myeupe. Nesi kaja mbio na oksijeni, anatuambia tupishe, tupishe! Mayu hasikii, kanikumbatia miguu, anaomba tu, nami namwacha aombe —