Nilificha Pumu Ili Nivae Bereti ya Kadeti

Shikamoo Mama Josefina,

Nakuandikia nikiwa bwenini peke yangu, wenzangu wako uwanjani, nimesingizia kichwa kinauma, na naomba unisaidie upesi kwa sababu jambo lenyewe nimelianzisha mimi na sasa limenizidi. Naitwa Limi, nina miaka kumi na saba, nipo kidato cha tatu, kwetu ni Ntobeye ingawa wazazi wangu walitoka Shinyanga na ng'ombe wao kabla sijazaliwa, na sasa nakaa hosteli ya shule karibu na Nyamiaga. Shuleni kwetu kuna kikosi cha kadeti kinachofundishwa na Afande Marcel, mwanajeshi mstaafu, na mimi nilikuwa nawaona ni watu wa kupiga kelele uwanjani tu, mpaka mwaka jana upepo ulipoezua paa la darasa la kidato cha kwanza watoto wakiwa ndani, walimu wakawa wanakimbia huku na huku, na dada mmoja wa kadeti, Josiane, akasimama mlangoni akasema kwa sauti isiyotetemeka hata kidogo, "Mikono begani kwa aliye mbele yako, hakuna kusukumana, tunatoka!" na wale watoto wakatoka mstari mmoja kama wanakwenda kunywa uji, hakuna aliyekanyagwa. Mama, siku ile nilitamani niwe yeye.

Tatizo ni kwamba nina pumu tangu utotoni. Fomu iliuliza kama nina ugonjwa wa kifua nikaandika sina, na kwa kuwa baba yangu, mzee Malongo, hajui kuandika na huwa anaweka dole gumba, nikachovya dole langu mwenyewe kwenye wino nikaligandamiza pale pa mzazi, maana nilijua atakataa, yeye akisikia kwata anajua ni jeshi, na jeshi kwake ni kwenda kufa.

Na kadeti imenifaa kweli, sitaki kusema uongo mwingine, zamani hata kujibu swali darasani niliogopa kwa sababu nachanganya "r" na "l" wenzangu wananicheka, leo naamrisha watu sitini "Nyuma geuka!" na wanageuka. Lakini mwezi uliopita tulipanda mlima na mabegi, kifua kikanibana hadi nikaona giza, Josiane akachukua begi langu akaniuliza, "Limi, unaumwa?" nikamjibu, "Nimechoka tu," nikaenda kujificha kichakani nikavuta dawa yangu.

Sasa kuna Yasmini wa kidato cha kwanza, tunalala bweni moja, juzi akanifuata anacheka kwa furaha, "Dada Limi, na mimi nina pumu, nimeiona dawa yako chini ya mto. Nitaandika sina, kama wewe." Na Afande Marcel amenichagua mimi niongee na wanaotaka kujiunga, niwaambie wanachopaswa kujua kabla. Nikisema ukweli navuliwa bereti, nikinyamaza huyu mtoto atapanda mlima ule ule. Nifanye nini? Namba niliyoandika nyuma ya bahasha ni ya matroni.

Limi

*

Marahaba, Limi.

Barua yako sikuisubirisha hadi siku ya gazeti kutoka. Nilimpigia matroni wako siku ile ile nikaomba nizungumze nawe, maana kifua kikibana hakingojei mchapishaji. Leo naijibu hapa kwa ruhusa yako na ya wote uliowataja, ili wengine wasome.

Kwanza nilikugombeza, na sijuti. Afande Marcel alikupandisha mlima akiamini mapafu yako ni mazima. Ungeanguka kule, yeye ndiye angepiga magoti kando ya mtoto wa watu asijue hata anaumwa nini. Baba yako naye ulimnyima neno lake juu ya mwanawe. Kutojua kuandika si kutokuwa na kauli, binti.

Kisha nikakuambia uanzie nyumbani, kabla ya shuleni. Ukaenda Ntobeye Jumamosi. Ulimkuta baba yako anawatoa ng'ombe kupe, ukamwamkia, ukasema yote umesimama. Alikusikiliza hadi mwisho, akauliza, "Ungefia huko mlimani, mimi ningeambiwa nini?" Ukalia. Hakukupiga. Jumatatu alivaa koti lake mkafuatana hadi shuleni, ukamweleza Afande yote mbele yake.

"Mimi nilidhani mnawafundisha watoto vita," alimwambia Afande.

"Karibu mzee, kaa utazame."

Akakaa asubuhi nzima. Akawaona mkifunga mguu uliovunjika kwa fito na vitambaa, mkibeba mgonjwa kwa machela ya shuka, wasichana na wavulana, bila mtu kutukanwa. Alipoondoka alisema neno moja tu: "Aendelee." Nimempenda mzee huyo bila kumwona.

Bereti ulivuliwa, ndiyo. Uongozi akapewa mwenzako hadi daktari akupime na kuandika unachoweza na usichoweza. Ni haki. Ila nafasi ya kuongea hukunyang'anywa. Afande alisema, "Hakuna anayeijua fomu ile kuliko wewe." Ukasimama kichwa wazi mbele ya shule, "r" na "l" zikakuchanganya, ukaendelea. Yasmini alikuwa mstari wa mbele. Jioni ile alimpigia mama yake, Bi Sauda, dukani Ngara mjini, akamweleza kila kitu. Sasa yumo kikosini, anajifunza huduma ya kwanza, na mbio ndefu hakimbii. Limi, wapo watu wazima wengi walioniandikia kwa miaka mingi ambao hawakuthubutu kufanya ulilofanya pale mbele.

Nanyi wengine wa Ngara, Biharamulo na kwingineko mnaotaka kujiunga, jiungeni! Nimeona vijana walioingia wameinama wakatoka wamenyooka. Lakini fomu ijazeni pamoja na mzazi, ugonjwa uandikwe kwa jina lake, hata kama ni kifafa, hata kama mnaona aibu. Jueni kwamba kadeti si ajira ya jeshi. Asikudanganye mtu kuwa bereti ni tiketi. Jumamosi zenu zitaliwa, buti zitawachubua, na hesabu zitabaki pale pale zikiwangoja, kwa hiyo anayefeli aombe kupunguziwa gwaride mapema. Kusema "Afande, siwezi" si uoga. Na mkufunzi atakayekupiga, au kukuita mahali pa faragha, huyo hafundishi ukakamavu: mwambie matroni, mwambie mkuu wa shule, mwambie mzazi, na usinyamaze hadi mmoja wao ainuke.

Limi, daktari amekupangia Alhamisi. Hata kama kuna gwaride, uende.

Mama Josefina