Mwambie Fundi Asije

Baba Zakia,

Nimekwenda sokoni Ngaramtoni. Makande yako kwenye hotpoti. ~~Chai jichemshie mwenyewe.~~ Chai nayo iko kwenye chupa.

Kama umeshampata fundi, mwambie asije. Laptopu yako nzima. Asubuhi mshale wa kwenye kioo uliporukaruka ukafunga ratiba ya wageni wako uliyokuwa unaiandika, ulimfokea Zakia kwamba kaimwagia uji. Mtoto kaenda shule machozi yanamlengalenga. Ulipotoka nikaizima, nikapangusa pale unapopitishia kidole. Kitambaa kimetoka na mafuta! Kumbe ni wewe. Kwa baridi hii ya Julai unajipaka mafuta ya mgando mpaka viganjani, halafu unakaa kufanya kazi vidole vinang'aa kama maandazi. Nimeiwasha tena, mshale umetulia.

Sasa osha mikono, ikaushe, ndipo uguse laptopu. Na Zakia akirudi, usimnunulie soda ukadhani yameisha. Mwambie kwa mdomo wako, "Nilikosea, mwanangu."

Lakini mafuta usiache kupaka, tafadhali. Viganja vyako vikikauka vinakwaruza, na anayekwaruzwa si laptopu.

Mama Zakia