Ulikuwa Sahihi Kuhusu Kituo cha Pili

Tatu, mke mwenzangu,

Mwandiko huu mbaya ni wangu mwenyewe, sikumtuma mtu. Darasa la nne langu linatosha kuombea radhi.

Arobaini yako imepita. Vyombo vyako vimeletwa huku Kisarawe kutoka kile chumba ulichopanga mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha: kitanda, ndoo mbili, kofia ya urefa, na daftari ulimowaandikia wanafunzi wako sheria za besiboli. Nimelisoma, kidole juu ya mstari kama mtoto. Nimeelewa. Bora nisingeelewa.

Siku ile unaijua. Wasichana wetu wa Kisarawe walikuja kucheza hapo shuleni kwako Kibaha, na refa ni wewe. Zena, binti wa jirani, akaupiga mpira kwa gongo ukaishia majanini, akavizunguka vituo vyote mpaka akarudi alipoanzia. Tukapiga vigelegele, kanga ikanidondoka. Wewe umesimama kimya, uso kama ukuta. Kisha mtoto mmoja wa Kibaha akasimama kwenye kituo cha pili na mpira mkononi, akakuita, nawe ukanyanyua ngumi: Zena ametoka. Eti alipita bila kukikanyaga.

Nikaingia uwanjani. Nikakuuliza, "Kama uliona, kwa nini hukusema palepale? Umengoja tushangilie kwanza? Umenunuliwa kwa soda, mtoto usiye na haya!" Mbele ya wanafunzi wako, Tatu. Mbele ya mwalimu mkuu wako. Wewe usiyeniita Bibi hata siku moja, kila ukija ni "mke mwenza, mume wetu kaamkaje?", siku ile ukasema, "Bibi, naomba utoke nje ya uwanja." Nikatoka, nikaapa kwamba sikujui.

Sasa daftari lako linasema: mkimbiaji asipogusa kituo, refa anyamaze. Asionyeshe hata kwa macho. Angoje wapinzani waulize wenyewe, na wasipouliza kabla mpira mwingine haujarushwa, basi imepita. Refa akisema mapema ameusaidia upande mmoja.

Kumbe kunyamaza ndiyo kazi yenyewe! Mimi nikakuita mla rushwa kwa sababu umefanya kazi yako.

Na wewe nawe, kichwa kigumu, hukuweza kuja nyumbani ukanieleza? Nisikusingizie. Ulijaribu. Wiki ile simu yako iliita mara mbili. Nikaitazama, nikaiacha ilie, nikasema acha anyooke. Wiki iliyofuata pikipiki ikakugonga barabarani. Namba yako ikaita tena, nikapokea nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni, na aliyekuwa anaongea ni mwanamume nisiyemjua.

Tatu.

Jumamosi iliyopita wasichana walikwenda tena Kibaha, nikafuatana nao. Kabla hawajaanza nikasimama mbele ya watu wote nikasema, "Refa wa siku ile alikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea, na nilimtukana." Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Bibi, mechi ipi hiyo?" Zena akasema huku anafunga kamba za viatu, "Kwani ulikuwa hujui? Mimi mwenyewe nilijua nimekiruka." Alijua! Akaniacha nikuvue nguo mbele za watu. Na mama yake, tuliyepiga naye kelele, akanivuta mkono: "Michezo ya watoto hiyo, nani bado anaikumbuka? Kaa chini, mama."

Nikakaa. Nilikwenda kutafuta mtu wa kunigombeza, na aliyestahili kunigombeza ni mmoja tu, nimemfukia kwa udongo.

Babu yako akiniambia nile, nakula. Chakula hakina ladha. Watu wananiambia, "Amekusamehe, usijisumbue." Wamejuaje? Walikuuliza? Nawaambia wafunge midomo yao. Dua nakusomea kila alfajiri, lakini dua naiomba kwa Mungu, na neno ninalolitaka liko kwako. Hakuna njia, Tatu. Nimeitafuta, hakuna.

Lala, mke mwenza. Nakuahidi moja tu, kwa kuwa sina lingine. Siku nitakayofika huko, ukiniambia nitoke, sitakubishia. Nitatoka, nitakaa nje palepale, hata iwe muda gani, mpaka uniite wewe mwenyewe.

Mimi,
Bibi yako