Jina Mgongoni mwa Ariel

Komini ya Kenya, Lubumbashi
Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025

Mpendwa Yaya Symphorien, kaka yangu mkubwa,

Kwanza salamu, wewe na nyumba yako yote huko Mwene-Ditu. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa dereva akuletee imesaidia, ama umeiacha dirishani kama ya mwaka jana? Sisi hapa tuko wazima. Baridi ya Juni imeshuka, vumbi nalo halituachi, kila mtoto wa avenue hii anakohoa. Ariel anakula chakula cha watu wawili, na suruali zake zote zimeishia juu ya kifundo.

Najua utakicheka tena Kiswahili changu. Msomaji wa misa kama mimi akishika kalamu anaandika cha kanisani, hawezi kuandika vile anavyogombana sokoni na wateja wa vitenge. Cheka tu. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu ungeisikia sauti yangu ukaogopa kabla sijakueleza.

Tangu Pasaka nimekusumbua uje uuone mji, umwone na Ariel, mpwa wako aliyepewa jina la baba yetu, anavyorusha mpira. Hujakanyaga hapa tangu siku ya treni. Nilikuambia mambo yale yalikwisha, na kwamba watoto wa leo hata hawayajui. Kwamba hawayajui ni kweli, Yaya, na sasa hilo ndilo linalonitisha.

Nianze na basiketi. Timu ya watoto wa parokia yetu imefika fainali, itachezwa Jumapili hii. Ariel ni mfupi kuliko wote, lakini anapita chini ya mikono ya warefu, na wakigeuka mpira umeshaingia. Kocha wao, Clément, ni kijana mpole sana. Amewafundisha jambo moja ninalolipenda kuliko ushindi: mchezo ukiisha, hakuna kugusa maji kabla ya kupita kwenye mstari na kumpa mkono kila mpinzani. Nimemwona Ariel akimpa mkono mtoto aliyemtoa damu puani. Nilijivuna, nisikudanganye.

Mwezi uliopita tulicheza na timu ile ile tutakayokutana nayo Jumapili. Ariel alipowaponyoka tena, baba mmoja wa upande wa pili akasimama akicheka, akapiga kelele: "Mukamate ile kilulu!" Wenzake wakaangua kicheko. Kilulu, mdudu. Watoto wetu wakalipenda neno, si mdudu ni mdogo, mwepesi, hashikiki? Walirudi nyumbani wakiimba "Tuko bilulu! Tuko bilulu!" wote pamoja, hata Hénoc, mtoto wa jirani yangu Victorine, ambaye kwao ni kaskazini ya Katanga hii hii. Hénoc akataka mama yake awashonee mdudu kwenye mayo, zile fulana zao za kuchezea.

Mara ya mwisho kulisikia neno hilo, miaka zaidi ya thelathini iliyopita, lilisemwa mlangoni kwetu, mimi nimejificha nyuma ya kitenge cha mama, wewe umesimama mbele yetu. Bilulu ndivyo walivyotuita sote ambao babu zetu walitoka Kasai, wadudu waliokuja kula cha wenyeji, kisha wakatutoa nyumbani. Wewe ukaenda Kasai na treni ya waliofukuzwa. Mama na mimi tukafichwa na mama yake Victorine hadi mji ulipotulia. Tulipozaa, tulinyamaza ili watoto wasirithi hasira. Sasa wanaimba.

Nilijiambia ni mzaha tu, labda yule baba hajui anachosema. Lakini ana mvi kichwa kizima. Anajua.

Jumamosi iliyopita tulikutana nao tena, mchezo wa kirafiki wa kujiandaa. Tulishinda. Watoto wakajipanga kupeana mikono kama kawaida. Wale wa upande wa pili wakampa mkono Hénoc, wakampa na aliyemfuata. Walipofika kwa Ariel mikono ikashuka, wakapita wakitazama mbele. Baada ya Ariel ikapanda tena. Kwa Dan, mtoto wa fundi viatu, ambaye naye ni wa kwetu Kasai, ikashuka.

Yaya, watoto hawazijui tofauti hizi. Ariel na Hénoc hata matusi wanatukanana kwa Kiswahili kimoja. Kuna mtu mzima aliyekaa na watoto wale akawaonyesha: huyu ndiyo, huyu hapana. Tena hakupata taabu, majina yameshonwa mgongoni. Tshibangu, ukilisoma tu unajua lilitoka wapi.

"Balichoka, mama," Ariel aliniambia. Alikuwa ameunyoosha mkono wake hadi wa mwisho alipopita.

Nilimuuliza Victorine, aliyekuwa ameketi karibu nami, kama ameona. "Léonie, uliona mubaya," akasema, akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Jumatatu akaniletea mfuko wa unga wa mahindi ambao sikumwomba. "Weka tu mu nyumba," akasema. "Hizi siku ni muzuri kukuwa na bunga mu nyumba." Nikamuuliza siku zipi. Alinikumbatia muda mrefu, kama mtu anayeniaga, nami sina safari.

Jana akaja Clément. Nilimpa kiti, akabaki amesimama mlangoni. "Mama Ariel, tutoshe tu majina ku mayo," akasema. "Ibakie namba. Juu ya salama."

"Ya batoto bote?" nikamuuliza.

Aliangalia viatu vyake. "Tuanze na ya Ariel na ya Dan."

Ningemfukuza kama angekuwa mtu mbaya. Lakini ni mtu mwema, anawapenda watoto wale kama wadogo zake, na ameogopa. Basi nami nikaogopa zaidi. Alipoondoka nilichukua mkasi, nikakaa uani, nikafumua jina la baba herufi moja moja. Nilipomaliza lilikuwa bado linasomeka, maana jua limeipausha fulana yote isipokuwa pale lilipokuwa limeshonwa.

Ariel akatoka ndani akanikuta. "Mama, sasa bataniita nani?" Kabla sijaweka mkasi chini akajijibu mwenyewe: "Haina mambo. Bataniita Kilulu." Akacheka, akachukua ndoo akaenda kuteka maji.

Nililia, Yaya. Kisha nikalishona tena jina lile. Uzi mweupe ulikuwa umeisha, nimetumia mweusi, na sasa linaonekana kuliko mwanzo. Hata aliye ng'ambo ya uwanja atalisoma.

Nimewaza kumfungia nyumbani Jumapili. Lakini nikimfungia ataniuliza kwa nini, na nikimwacha aende bila kumwambia nitakuwa nimemtuma gizani. Kesho kutwa nitamkalisha chini nimweleze neno lile lina maana gani. Baada ya hapo kama bado anataka kucheza atacheza, na mchezo ukiisha nitaingia uwanjani nisimame naye kwenye mstari. Nawaogopa wale watu kwa ajili yake. Naogopa pia uso wake nitakapomaliza kumweleza.

Wewe ulikuwa mkubwa, unakumbuka. Kabla hawajafika mlangoni kwetu mambo yalianzaje? Watu walikuwa wanacheka? Kwa sababu hapa bado wanacheka.

Dereva ameniahidi utaipata barua hii kabla ya Jumapili; tikiti usikate kwanza. Nitakupigia simu Jumapili jioni. Nisipopiga, usije.

Msalimie wifi Christiane, mwambie kitenge chake nimekiweka pembeni, hakuna mteja atakayekigusa. Mwanao Exaucée naye mbusu, ila haya usimsomee. Mungu aliyekufikisha salama na treni ile aendelee kukulinda, na jicho lake moja alielekeze huku kwetu.

Dada yako asiyeacha kukupenda,

Léonie Tshibangu